Uji Mtupu Haumtoshi Mgonjwa wa Saratani ya Umio

Ndugu wengi wakisikia mgonjwa wao ana saratani, humkataza sukari, kisha nyama, kisha maziwa, wakiamini uvimbe utakufa njaa. Haufi. Mwili ukikosa sukari ya chakula huitengeneza wenyewe kwa kuvunja misuli, na uvimbe huendelea kupata sehemu yake. Anayekonda ni mgonjwa.

Hilo linaumiza zaidi kwenye saratani ya umio, ugonjwa ambao Afrika Mashariki inaathirika nao kuliko sehemu nyingi za dunia. Mgonjwa huanza kushindwa kumeza ugali, baadaye wali, hatimaye hata maji humkwama. Wengi hufika hospitalini wamekwisha kupungua sana, kabla mionzi na dawa hazijawaletea vidonda vya mdomo na kichefuchefu. Aliyedhoofika mara nyingi huahirishiwa dozi au kupunguziwa, na tiba inayokatikakatika hupungua nguvu.

Mgonjwa wa kilo 60 kwa kawaida huhitaji kalori 1,500 hadi 1,800 kwa siku, pamoja na protini gramu 60 hadi 90. Kikombe cha uji wa unga na maji hutoa takriban kalori 100 tu! Basi uji wenyewe uongezewe nguvu: upikwe kwa maziwa, yai lipigwe na kukorogewa ndani jikoni mpaka liive kabisa, itiwe siagi laini ya karanga, na kijiko kikubwa cha mafuta, ambacho peke yake kina kalori kama 120. Mtori wa Wachaga nao unafaa sana, ndizi na nyama zikipondwa hadi zilainike kabisa. Apewe kidogo kidogo, mara sita au zaidi kwa siku, chakula kikiwa vuguvugu, naye akiwa ameketi. Mdomo ukiwa na vidonda, ndimu na pilipili ziachwe. Mwenye kisukari au ugonjwa wa figo apangiwe na mtaalamu wa lishe.

Aliyekaa siku nyingi karibu bila kula aanziwe taratibu hospitalini. Kumlisha kwa wingi ghafla huvuruga madini ya damu na kuweza kudhuru moyo.

Umio ukiziba, upo mrija wa kulishia unaopitishwa hadi tumboni. Familia nyingi huuogopa, zikidhani ni dalili ya mwisho. Kwa maoni yangu ni heri kuuzungumzia na daktari mapema, mgonjwa akiwa bado na nguvu. Nyumbani, apimwe uzito kila wiki kwa mizani ileile. Mtu wa kilo 60 akipungua kilo 3 bila kukusudia, msisubiri tarehe ya kliniki.