Je, Wajua? Mkungu wa Ndizi, Simu na Programu

Je, wajua kwamba Tanzania iliwahi kupiga marufuku kompyuta? Ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya hesabu ikaenda mrama, na mwaka 1974 serikali ikazuia kuziingiza nchini, pamoja na televisheni. Marufuku hiyo ilikuja kulegea kabisa miaka ya 1990.

Je, wajua kwamba India nayo ilibana katika miaka hiyohiyo? IBM iliondoka huko mwaka 1978 baada ya kukataa masharti ya kugawana umiliki na wenyeji. Mashine zilibaki, na Wahindi wakalazimika kujifunza kuzihudumia wenyewe. Mwaka 1981 wahandisi 7 walianzisha Infosys kwa mtaji wa dola 250 hivi, na mwanzoni hawakuwa hata na kompyuta yao. Nchi zote mbili zilifunga mlango. India ilifunga mafundi wakiwa ndani na kazi mezani. Sisi tulifunga, na kazi yenyewe ikabaki nje.

Sasa twende Kwa Sadala, wilayani Hai, pale barabara ya Moshi–Arusha inapokutana na ile inayopanda Masama. Asubuhi ya soko mikungu imelazwa chini juu ya majani makavu: mshare wa mtori upande huu, kisukari upande ule. Mnunuzi anainama, anabonyeza ndizi kwa kidole gumba, anataja bei. Mama muuzaji anacheka, anatikisa kichwa. Wakishakubaliana hakuna noti inayotoka mfukoni. Simu inalia, mama anaikinga jua kwa ncha ya khanga ili asome ujumbe, kisha ndipo anaruhusu mkungu upakiwe.

Hayo ndiyo malipo ya simu. Je, wajua programu ya kwanza ya M-Pesa iliandikwa wapi? Huduma yenyewe ilizinduliwa Kenya na Safaricom Machi 2007, ikaingia Tanzania kupitia Vodacom mwaka 2008. Jina ni letu, wateja ni sisi, mawakala ni ndugu zetu. Lakini programu ilitengenezwa na kampuni ya Uingereza, Sagentia, na seva zilizohudumia Kenya zilikaa Ujerumani hadi 2015. Mwaka huo Kenya ilihamia mfumo mpya, nao ulitengenezwa na Huawei ya China. Kutumia programu kwa ustadi ni jambo moja, kuiandika ni jingine, na fedha nyingi ziko kwenye hilo la pili.

Wachaga wa Kilimanjaro hawahitaji kuelezwa hili mara mbili. Wakulima wao wa kahawa waliunda chama chao mwaka 1925, na chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikafuata mwaka 1933, kwa sababu waliona bei ikipangwa mbali na shamba.

Je, wajua kuhusu Jambo OpenOffice? Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukisaidiwa na Waswidi, ulitoa programu huria ya kazi za ofisini kwa Kiswahili: kuandika barua, kupiga hesabu, yote bila neno la Kiingereza kwenye menyu. Ilikuwa ya bure. Leo ni wachache wanaoikumbuka. Kwangu somo lake ni chungu: kazi nzuri isiyo na mnunuzi haiajiri mtu, na asiyeajiriwa hawezi kutoa toleo la pili.

Je, wajua kwamba kebo ya intaneti ya SEACOM ilianza kutoa huduma Dar es Salaam Julai 2009? Kabla ya hapo intaneti ya kwetu ilitegemea setilaiti, ghali na ya kusuasua. Huko India, kampuni ya Marekani, Texas Instruments, ilifungua ofisi Bangalore mwaka 1985 na kuiunganisha na makao yake kwa setilaiti. Hesabu mwenyewe walitutangulia kwa miaka mingapi.

Je, wajua nani alitengeneza ile namba ya malipo ambayo kila mtu anaiita kontrol namba? Ni Watanzania. Mfumo wa GePG ulijengwa na wataalamu wa serikali yetu na kuanza kutumika mwaka 2017. Leo ukilipia leseni, ada au faini, unapita humo. Mfumo wa MUSE, unaofanya malipo ya serikali, nao ni wa nyumbani, na ulichukua nafasi ya mfumo wa kigeni. Mwaka 2023 ikaja NeST ya ununuzi wa umma, iliyojengwa hapa pia, ikachukua nafasi ya mfumo wa awali, TANePS. Hii ni fahari, naisema bila kusita. Waliokuwa wakiambiwa kwamba kazi kubwa kama hizo lazima zitoke nje wamejibu kwa vitendo.

Ila hapa ndipo pananiuma. Mifumo hii imejengwa na watumishi wa serikali, siyo na kampuni. Serikali ndiyo mteja mkubwa kuliko wote nchini. Ikijitengenezea kila kitu yenyewe, kampuni ya vijana watano yenye ofisi juu ya duka mjini Moshi itapata wapi kazi yake ya kwanza kubwa? Na mteja wa Nairobi au Kampala atauliza: mmemfanyia nani? Wahindi walikuwa na jibu la swali hilo walipoanza kubisha hodi kwa watu. Ningependa wizara zigawe hata vipande vidogo: moduli moja, ripoti moja, programu moja ya simu, kwa zabuni ya wazi na malipo yasiyochelewa. Malipo yanayochelewa miezi 6 huua kampuni changa kabla ya ushindani kuigusa.

Je, wajua kwamba programu inaweza kuwa kama mfongo? Mifereji ile ya kale inayoteremsha maji kutoka msituni hadi mgombani haina mwenye kuiuza. Wenye zamu huisafisha, na asiyeshika jembe hana sauti siku ya kugawa maji. DHIS2 iko hivyohivyo. Ni programu huria ya takwimu za afya. Mizizi yake ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990, kitovu chake Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamo katika kuijenga. Kila unapotaja idadi ya chanjo katika zahanati za Tanzania, huenda imepita humo. Kwa kijana asiye na mtaji sijui shule iliyo bora kuliko hiyo: anasoma kazi ya mabingwa mstari kwa mstari, anarekebisha kosa dogo, na jina lake linabaki pale.

Je, wajua kwamba Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kilichoanza mwaka 1963 kama chuo cha ushirika, kinafundisha pia teknolojia ya habari? Mhasibu wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na mwandishi wa programu wanaweza kukaa meza moja ya chakula. Mizani ya kahawa, daftari la wanachama, malipo ya awali na ya pili: kazi imelala hapo, kilomita chache kutoka darasani.

Na hili la mwisho ni la wauza ndizi. Watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha wamekusanya picha zaidi ya 16,000 za majani na mashina ya migomba ya Tanzania, yenye afya na yenye kuugua sigatoka nyeusi au mnyauko, ili kompyuta ifundishwe kutambua ugonjwa. Picha hizo zimechapishwa mwaka 2023, ziko wazi kwa yeyote. Kijana wa Masama mwenye kompyuta anaweza kuzipakua usiku huu, na kesho asubuhi akashuka Kwa Sadala kumuuliza mama wa mshare angelipa kiasi gani kujua mgomba upi ung'olewe.