Shaba Nyingi, Unga Kidogo

Mali ya inchi yaweza kuongezeka na maskini wakabaki maskini. Papa Paulo VI alifundisha mwaka 1967 kwamba maendeleo ya kweli hufaa kila mtu. Tutazame Lubumbashi yetu. Malori hupeleka shaba na kobalti upande wa Zambia, mengine hutuletea unga wa mahindi. Zambia ikikataza mahindi yake kuvuka mpaka, bukari hupanda bei hata hapa Kasapa, penye Chuo Kikuu. Sheria ya madini iliyotengenezwa upya mwaka 2018 hugawa kodi ya madini yanayouzwa: Serikali kuu 50%, jimbo 25%, utawala wa mahali panapochimbwa 15%, vizazi vijavyo 10%. Mgawo mzuri! Lakini mkulima anayengoja mbegu na barabara, hesabu ya zile 15% amwulize nani?