Mark Twain Akiwa Mwanafunzi wa Lugha

Wanafunzi wetu wa fasihi humfahamu Mark Twain (1835–1910) kwa riwaya zake za vijana wa Mto Mississippi. Waliosoma historia ya Kongo huenda wanakijua pia kijitabu chake cha mwaka 1905 kilichomshambulia Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Katika makala haya tungependa kumtazama kwa upande unaotajwa kwa nadra: Twain aliyejifunza lugha ya kigeni akiwa mtu mzima, tena mwanafunzi mlalamikaji kwelikweli.

Samuel Clemens, maana hilo ndilo jina alilozaliwa nalo, hakusoma chuo chochote. Baba yake alifariki mwaka 1847, naye akaingia kazini angali mtoto, akajifunza kupanga herufi katika kiwanda cha uchapaji. Mwaka 1878, akiwa na miaka 42 na sifa zake zimeshaenea, alikwenda na familia yake Ulaya, wakakaa Heidelberg, Ujerumani, akijibidiisha kujifunza Kijerumani. Kutokana na jasho hilo aliandika insha ya kuchekesha juu ya ugumu wa lugha hiyo, akaitia mwishoni mwa kitabu chake cha safari, A Tramp Abroad, cha mwaka 1880.

Wengi huisoma kama mzaha mtupu. Sisi tunaiona kuwa ni uchambuzi wa makosa uliofanywa na mkosaji mwenyewe, jambo ambalo walimu hatulipati mara nyingi. Twain analalamikia kitenzi kinachosubiriwa hadi mwisho wa sentensi, na maneno marefu yaliyounganishwa kama mabehewa ya treni. Zaidi ya yote analalamikia jinsi za nomino: msichana katika Kijerumani si wa kike wala wa kiume, yumo katika jinsi ya tatu, ilhali mboga ya mzizi imepewa jinsi ya kike!

Je, mwanafunzi wetu hana malalamiko ya namna hiyo? Tunasema kiboko mkubwa tukimaanisha mnyama wa mtoni, na kiboko kikubwa tukimaanisha cha kuchapia. Mzungumzaji wa Kiacholi au Kilugbara anakutana na mambo haya bila kuwa na ngeli za Kibantu katika lugha yake ya kwanza. Hata Mganda, ambaye tunadhani njia yake ni nyepesi, hutuambia "mbwa yangu imekufa", kwa sababu Luganda husema embwa yange efudde, upatanisho ukifuata ngeli ya nomino bila kujali uhai wa mbwa. Huo si uzembe. Tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima shuleni, walimu watu wazima wanaotakiwa kuanza mwanzo wamekuwa jambo la kufikiriwa kwa uzito, na wakichekwa kwa kosa kama hilo wataacha.

Twain hakuacha. Mwaka 1888 alichapisha mchezo wa kuigiza uliochanganya Kiingereza na Kijerumani, ukiwakejeli wanaokariri sentensi za vitabu vya mazungumzo. Mwaka 1891, akiwa Berlin, aliwatafsiria binti zake kitabu cha watoto cha Struwwelpeter. Mwaka 1897 alisimama mbele ya waandishi wa habari wa Vienna akawahutubia kwa Kijerumani, mada ikiwa vitisho vya Kijerumani hichohicho.

Walimu wa tafsiri wana lao la kuchuma pia. Hadithi yake ya chura mrukaji ya mwaka 1865 ilitafsiriwa kwa Kifaransa mwaka 1872. Twain hakuridhika, akairudisha katika Kiingereza neno kwa neno, akiuacha mpangilio wa Kifaransa ulivyo, akazichapisha zote tatu pamoja mwaka 1875. Hakumtendea haki mtafsiri, kwani tafsiri yoyote ikirudishwa hivyo itachekesha. Lakini zoezi ni zuri. Mwanafunzi aandike kwa Kiswahili barua aliyoifikiria kwa Kiingereza, mwenzake airudishe. Aliyeandika "nakukosa" kwa maana ya kumkumbuka mpenzi wake atarudishiwa habari kwamba anamtafuta na hampati.