Kujipanga kwa Mwenye ADHD: Fimbo Haimo

Kujipanga ni kukumbuka kazi mpaka ikamilike, kukadiria muda, kuanza bila kusukumwa na kuweka vitu mahali vitakapoonekana kesho. Kwa mwenye ADHD, hali ya ubongo inayovuruga umakini na utulivu, yote hayo hulegea, kwa sababu kazi ya ubongo ya kusimamia matendo, inayotegemea sana sehemu yake ya mbele, haiendi sawasawa. Hilo limeshaelezwa vya kutosha. Hata hivyo wazazi, walimu na mabosi hawachoki kuuliza: mbona kwenye gemu anakaa saa tatu, ila daftari la hesabu analisahau? Jibu huwa wanalo tayari: akitaka anaweza, ni uvivu tu, achapwe.

Swali hilo linadhani kwamba mwenye ADHD hana umakini. Umakini anao, kinachomshinda ni kuuelekeza anakotakiwa. Gemu humlipa mchezaji kila baada ya sekunde chache: pointi, mlio, hatua mpya, na akikosea anajua papo hapo. Insha inayotakiwa Ijumaa hulipa Ijumaa, pengine wiki inayofuata mwalimu akishasahihisha. Malipo ya mbali namna hiyo humsukuma mwenye ADHD kidogo mno kuliko yanavyowasukuma wenzake. Kwa hiyo kutulia kwenye gemu hakuthibitishi kwamba anajifanya. Ndivyo ADHD yenyewe ilivyo.

Mwanasaikolojia wa Marekani Russell Barkley amesisitiza kwa miaka mingi kwamba wenye ADHD wanajua la kufanya. Wanashindwa kulifanya pale na wakati linapohitajika. Hapo ndipo fimbo inapoumbuka. Mtoto huchapwa saa nne asubuhi kwa jambo lililompita jana saa moja jioni. Jana jioni alikosa kitu cha kumkumbusha pale mezani, na viboko vya leo havimpi hicho. Anachojifunza haraka ni kuficha daftari na kudanganya. Kama fimbo ingekuwa dawa, anayechapwa kila wiki angepona muhula wa kwanza. Hotuba za “jitahidi” ni fimbo ile ile kwa sauti ya upole, na mtu mzima anayejisuta usiku kucha kesho yake huchelewa vile vile.

Mwaka 2013 Howard Abikoff na wenzake, huko Marekani, walichapisha utafiti wa watoto 158 wenye ADHD, wa darasa la tatu hadi la tano. Kundi moja lilifundishwa kupanga vitu, muda na kazi. La pili halikufundishwa stadi hizo. Wazazi na walimu wake walielekezwa kutuza kazi iliyokamilika. La tatu lilisubiri zamu yake. Makundi mawili ya kwanza yalijipanga vizuri kuliko lililosubiri, na hakuna lililochapwa. Kwa watu wazima, Steven Safren na wenzake walionyesha mwaka 2010, kwa watu 86 waliokuwa tayari wanatumia dawa, kwamba waliofundishwa stadi walipata nafuu zaidi ya waliofundishwa kutuliza mwili.

Yanayofaa yanajulikana. Kalenda moja na orodha moja ya kazi, vitazamwe kila siku saa ile ile. Kazi kubwa ikatwe vipande vidogo, na cha kwanza kiwe chepesi hadi kichekeshe. Ukumbusho ukae pale pa kutendea: funguo kwenye msumari mmoja, begi mlangoni tangu usiku, karatasi ukutani juu ya meza. Kengele ya simu ilie wakati wa kuanza. Mwalimu atie saini kazi ya nyumbani iliyoandikwa, mzazi aikague jioni, tuzo ndogo itolewe hapo hapo. Mtu mzima atafute wa kukaa naye wakati wa kazi inayomchosha. Mbinu ikizoeleka na kupoteza nguvu, ibadilishwe. Dawa iliyoandikwa na daktari hupunguza dalili, lakini haimfundishi mtu kutunza kalenda.

Misaada hii isiondolewe mtoto anapoanza kufanya vizuri. Anafanya vizuri kwa sababu ipo. Na anayeshuku ana ADHD amwone daktari wa afya ya akili, amwache muuza virutubisho na biashara yake.