Usukani mzito: Usikimbilie kununua reki mpya

DEREVA anayeteremka kutoka Kikima, kwenye milima ya Mbooni, huzungusha usukani kwa dakika chache zaidi ya anavyouzungusha kwa saa nzima katika barabara kuu ya Mombasa kati ya Emali na Kibwezi. Ni kwenye kona kama hizo ambapo hitilafu ya pawa stiaringi, yaani mfumo unaompunguzia dereva uzito wa usukani, hujidhihirisha. Gari huguna kila likikata kona, na dereva hulazimika kutumia nguvu za mabega.

Wengi hufika gereji wakiwa na hofu na kuambiwa kwamba reki imekwisha na sharti inunuliwe nyingine. Huenda ikawa kweli. Hata hivyo, usukani mzito ni dalili wala si ugonjwa wenyewe, na baadhi ya visababishi vyake huondolewa kwa gharama ndogo mno. Busara ni kuanza na kilicho rahisi, kisha kuelekea kilicho ghali.

Anza na magurudumu. Katika kaunti za Kitui na Makueni, madereva huvuka mito ya mchanga kama vile Tiva, Kaiti na Thwake, na baadhi yao hupunguza upepo ili gari lisizame. Akisahau kuurudisha, dereva ataulaumu usukani bure, kwa maana gurudumu lililolegea huongeza uzito hata kama pampu ni mpya. Aidha, gari likivuta upande mmoja, chunguza upepo, breki na mlingano wa magurudumu kabla ya kuishuku pawa.

Pili, fahamu gari lako linatumia mfumo gani. Magari kama Toyota Prado na Mitsubishi Pajero mengi hutumia mafuta. Pampu inayozungushwa na mkanda wa injini huyasukuma mafuta hayo kupitia mpira mgumu hadi kwenye reki, nayo reki huyageuza magurudumu ya mbele. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zina sanduku la usukani badala ya reki, lakini kanuni ni ile ile. RAV4 za kizazi cha tatu, zilizoanza kuuzwa mwaka wa 2005, na X-Trail za kuanzia 2007 hutumia mota ya umeme. Hizo hazina mafuta ya pawa, hivyo fundi anayetaka kukuongezea mafuta hayo hajalifahamu gari lako.

Kwa gari la mafuta, fungua boneti injini ikiwa imezimwa na utazame kikopo cha pawa. Kiwango kinapaswa kuwa kati ya alama zilizowekwa. Mafuta meusi yanayonuka kama yameungua yamezeeka. Yakiwa na povu, basi hewa inaingia, mara nyingi kupitia klipu iliyolegea kwenye mpira unaotoka kikopo kwenda kwenye pampu. Mpira huo huweza kuvuta hewa bila kudondosha hata tone, ndiyo maana mguno wa pampu huwashangaza wengi. Kukaza klipu hakuhitaji pampu mpya.

Kiwango kikishuka kila mara, pana mahali panapovuja. Safisha sehemu hizo, tandika katoni chini ya gari usiku, na uitazame asubuhi. Ikumbukwe kuwa mafuta ya gia otomatiki pia huwa mekundu, hivyo chunguza tone limeanguka chini ya kifaa gani. Kagua pia vifuniko vya mpira kwenye ncha za reki. Vikipasuka, vumbi na mchanga huingia na kuzila sili za ndani, na hapo ndipo gharama kubwa huanzia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mpira wa shinikizo usifungwe kwa vipande vya tyubu. Ndani yake shinikizo huweza kuzidi pauni 1,000 kwa inchi mraba, ilhali gurudumu la kawaida hubeba takriban pauni 30 hadi 35. Mpira huo hubadilishwa, haushonwi wala haufungwi.

Mlio mkali usukani unapozungushwa hadi mwisho huashiria mkanda uliolegea au kuchakaa. Usukani ukiwa mzito upande mmoja tu, au ukiwa mzito asubuhi na kulainika injini ikipata moto, hapo reki yenyewe yaweza kushukiwa kwa haki. Nao ukicheza bila magurudumu kugeuka, kagua tairodi na viungo vyake.

Unapoongeza mafuta, tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko au kitabu cha gari. Toyota nyingi hutumia ya aina ya Dexron, ilhali Honda ina yake. Kamwe usitie mafuta ya breki, kwani huharibu sili. Baada ya ukarabati, hewa hutolewa kwa kuinua magurudumu ya mbele kwa jeki na kuegemeza gari kwenye vyuma imara, kisha kuzungusha usukani polepole kutoka mwisho hadi mwisho huku injini ikiwa imezimwa na mafuta yakiongezwa. Kisha injini huwashwa na zoezi kurudiwa. Usiushikilie usukani mwishoni kwa zaidi ya sekunde tano, kwani pampu huchemka.

Kwa gari la umeme, taa yenye mchoro wa usukani ikiwaka, pima kwanza betri, vichwa vyake, fyuzi na altaneta. Umeme hafifu huweza kuizima mota iliyo nzima. Vilevile, kuzungusha usukani kwa muda mrefu gari likiwa limesimama hupasha mota joto, na msaada hupungua hadi ipoe. Baada ya hapo, kompyuta ya fundi itaonyesha kosa.

Je, pawa ikikatika safarini, tuseme kati ya Mutomo na Kitui? Usihamaki. Usukani bado umeunganishwa na magurudumu, ila utahitaji nguvu zaidi. Punguza mwendo, shika kwa mikono miwili, egesha. Kisha tazama dashibodi. Taa ya betri ikiwaka na kipimo cha joto kikipanda, mkanda umekatika, na katika magari mengi mkanda huo huo huzungusha pampu ya maji. Kuendelea mbele ni kuichoma injini, hasara inayoizidi mbali ile ya usukani.

Hatimaye, fundi akisema reki imekufa, mwombe akuonyeshe inapovuja au inapolegea kabla ya kutoa pesa. Fundi mwenye ujuzi hatachukizwa na ombi hilo.