Dawa ni Bure, Nauli Je?

Mama mwenzangu, kijana akinaswa na unga, fedha za nyumbani hupotea mara mbili. Kwanza huziiba yeye. Kisha huzitoa mama, akihangaika kwa waganga. Lakini yapo matumizi yanayosaidia kweli, nayo ni madogo kuliko wengi tunavyodhani.

Uraibu wa heroini ni ugonjwa. Mwili uliozoea unga ukiukosa huingia arosto: kutapika, kuharisha, maumivu ya viungo na kukosa usingizi. Kumfungia kijana chumbani hakumponyi, tena ni hatari. Akikaa wiki kadhaa bila unga, mwili hupoteza mazoea. Akirudia kiasi kile cha zamani anaweza kuacha kupumua na kufa.

Tiba ipo. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni, kisha huduma ikafika Mwananyamala, Temeke na mikoa mingine. Ni dawa ya maji, hunywewa mbele ya mhudumu mara moja kwa siku. Ikipimwa sawasawa, hutuliza arosto siku nzima bila kumlevya mgonjwa. Mama mjamzito naye hutibiwa, na asiiache ghafla. Mgonjwa halipii dawa hiyo.

Lakini wagonjwa wengi hawafiki kliniki wenyewe. Hufuatwa vijiweni na watoa huduma wa jamii, ambao baadhi yao waliwahi kutumia unga. Kazi hii imetegemea sana wafadhili, hasa PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, kwa kuwa kuchangia sindano hueneza virusi. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje ili kuipitia upya, ilionekana wazi hatari ya kutegemea mfuko mmoja.

Sisi akina mama hatuwezi kujenga kliniki. Nauli tunaiweza. Mgonjwa hutakiwa kufika kila siku, hasa miezi ya mwanzo, na wengi huacha tiba kwa kukosa nauli. Tuseme ni shilingi 600 kwenda na 600 kurudi. Kwa siku 30 ni shilingi 36,000. Wanawake 20 wakichanga, kila mmoja hutoa 1,800.

Zingatieni haya:

1. Msimkabidhi mgonjwa fedha mkononi. Ndugu amsindikize na kulipa nauli.

2. Mchango uwe wa miezi kadhaa. Tiba hii huchukua muda mrefu, mara nyingi miaka.

3. Mkumbukeni binti. Wanawake ni wachache kliniki, kwa aibu na kwa kukosa wa kumwachia mtoto. Kumshikia mtoto asubuhi nako ni mchango.

4. Akirudia unga, msimfukuze. Mrudisheni kliniki siku hiyo hiyo.

Vikundi vyetu huchangia msiba bila kusukumwa. Tumchangie na huyu angali hai.