Kiti cha Kiongozi Kisikae Kitupu



Hivi karibuni tulifika Nyakalengija, pale wapagazi wanapoanzia safari ya kupanda Rwenzori, kuzungumza na wenzetu juu ya kujiunga na chama. Mvua ikatuzuia. Tulipokuwa tumekaa barazani, tuliona vijana watatu wameinamia simu wakigombana. Tukawauliza kuna nini. Wakajibu, "Wazee, kiongozi wa ukoo wetu alipotea."

Ukoo huo si wa damu. Ni kundi la wachezaji katika mchezo wa simu uitwao Clash of Clans, uliotolewa na kampuni ya Finland mwaka 2012. Kundi moja huchukua watu hadi 50, na wengi wao hawajaonana kwa macho. Lina kiongozi, wasaidizi, wazee na wanachama wa kawaida. Kanuni yao ni kwamba kiongozi asipoingia mchezoni kwa siku 90, uongozi huhamia kwa msaidizi ambaye bado anacheza.

Tulicheka, kisha tukanyamaza, kwa maana tulikumbuka tawi letu moja.

Katibu wa tawi hilo alikuwa mtu hodari. Aliugua, akapelekwa kwao kutibiwa. Muhuri na daftari la wanachama vilikuwa vimefungiwa katika sanduku lake. Makamu alikuwapo, lakini kanuni za tawi hazikusema aanze lini kushika kazi, naye aliogopa kuitwa mpinduzi. Miezi minne ikapita. Katika muda huo wenzetu sita wa idara ya kupakia waliachishwa kazi, na barua ya malalamiko haikutoka kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuitia sahihi. Ilipotoka, mwajiri alisema muda umepita. Watu sita walirudi nyumbani mikono mitupu, na ada walikuwa wamelipa kila mwezi.

Sisi wa Kasese tunajua habari za kiti kinachomngoja mwenyewe. Isaya Mukirania, mfalme wa Rwenzururu, alipofariki mwaka 1966, alirithiwa na mwanawe Charles Mumbere, aliyekuwa bado kijana mdogo. Baadaye Mumbere aliishi Marekani miaka mingi, akifanya kazi ya kuhudumia wagonjwa, na kiti kikabaki chake hadi serikali ilipoutambua ufalme mwaka 2009. Ufalme hufuata damu, kwa hiyo unaweza kungoja. Barua ya mfanyakazi aliyefukuzwa haiwezi kungoja.

Lakini kanuni ya mchezo nayo haitutoshi. Vijana wale walikuwa wanagombana kwa sababu kiongozi mpya, aliyewekwa na mashine, alianza kuwafukuza wachezaji wa zamani. Hakuna mwanachama aliyeulizwa. Chama cha wafanyakazi hakifuati damu wala mashine. Kinafuata kura.

Kwa hiyo tunashauri kila tawi liandike mambo manne, bila kupingana na katiba ya chama:

1. Kiongozi asipoonekana kwa siku 30, makamu ashike kazi mara moja, bila kungoja ruhusa ya mtu.

2. Makamu ashike kwa muda tu. Wanachama waitwe kupiga kura kabla ya siku 60 nyingine kupita.

3. Muhuri na daftari vikae ofisini. Benki ziandikishwe sahihi tatu, na mbili zitoshe kutoa fedha.

4. Ugonjwa si kosa. Kiongozi akipona kabla ya uchaguzi, arudi kazini kwake kwa heshima.

Kiongozi mwema hataudhika kwa kanuni hizi. Zinamlinda yeye pia, asije akalaumiwa akiwa kitandani.

Ndugu, katika mkutano ujao wa tawi lako, simama uulize swali moja: kiongozi wetu akikosekana kesho asubuhi, nani atatia sahihi barua zetu? Watu wakitazamana bila jibu, hiyo ndiyo iwe ajenda ya kwanza.

Umoja ni nguvu!